Kununua Benz, BMW au Audi iliyotumika: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Dar es Salaam

Mercedes-Benz C200 ya mwaka 2010 leo utaikuta kwenye yadi za Dar es Salaam ikiuzwa bei inayokaribiana na Toyota ya kawaida ya familia. Imeng'arishwa, viti vya ngozi, taa kali, na dalali anakwambia ilikuwa ya mama mmoja, inakwenda kazini na kurudi nyumbani tu. Hapo ndipo watu wanapoingia kichwa kichwa. Bei ya gari la kifahari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Ukilinunua kwa robo ya bei lililouzwa likiwa jipya, bado utalihudumia kwa gharama za gari la daraja lake. Kwa hiyo unachonunua hasa ni matunzo aliyoyafanya au aliyoyaacha mwenye gari aliyekutangulia, na kazi yako yote kabla ya kulipa ni kuyatafuta.

Nimeandika nikimfikiria mnunuzi wa Tanzania. Mambo ya ufundi ni yale yale Nairobi au Kampala. Sheria za kuingiza magari na makaratasi ndiyo yanayotofautiana.

Hatua ya kwanza: gawa pesa kabla ya kuangalia picha

Kama una milioni 30, usitafute gari la milioni 30. Tafuta la milioni 24 au 25, na inayobaki iweke mahali ambapo huwezi kuichota kirahisi. Karibu kila gari la aina hii lililofika mkononi mwa mtu wa pili au wa tatu linadai kitu ndani ya miezi michache ya mwanzo: oili ya injini na ya giaboksi, bushi, betri, tairi, pengine pampu ya maji. Aliyemaliza pesa yote siku ya kununua ndiye anayeanza kuahirisha huduma, na gari la kifahari likiahirishiwa huduma hugeuka kimeo upesi kuliko Toyota.

Halafu fanya zoezi ambalo wengi hawalifanyi. Kabla hujaliona gari lenyewe, piga simu au nenda maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala, uliza bei za vitu vitano vya modeli unayoitaka: wishboni za mbele pande zote mbili, pedi na diski za breki, pampu ya maji, koili za plagi, na shokapu. Kila kimoja uliza bei tatu. Ya kwanza ni ya spea yenye nembo ya kampuni ya gari. Ya pili ni ya spea kutoka kwa kiwanda kinachotengeneza spea hizo hizo na kuziuza kwa jina lake, kama Lemförder, Sachs, Bosch au Mahle. Ya tatu ni ya mtumba. Hiyo ya kati ndiyo itakayokuokoa: mara nyingi ubora unalingana na wa ile yenye nembo na bei iko chini sana. Spea za mtumba nyingi za magari ya Kijerumani hufika huku zikitokea Sharjah kwenye Falme za Kiarabu, ambako magari hukatwa na kuuzwa vipande. Zinafaa kwa milango, taa na viti. Kwa pampu, bushi na sensa, achana nazo.

Fundi naye atafutwe kabla ya gari. Mtu anayejua Toyota vizuri sana anaweza kukuharibia BMW kwa nia njema kabisa. Muulize anatumia mashine gani kusoma kompyuta za gari. Akikutajia Xentry kwa Benz, ISTA kwa BMW, VCDS au ODIS kwa Audi, endelea kumsikiliza. Akikuonyesha kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachosoma injini peke yake, mshukuru na uendelee kutafuta. Na kama unaishi mkoani ambako fundi wa namna hiyo hayupo, huo ni ukweli unaopaswa kubadilisha uchaguzi wako. Nitaurudia hapa chini.

Hatua ya pili: chagua injini, nembo baadaye

Watu wanabishana Benz au BMW. Swali lenye faida ni injini gani na ya miaka gani, kwa sababu ndani ya modeli moja kuna injini ya kukutuliza na injini ya kukufilisi, na kwa nje magari yamefanana.

Chukua C-Class yenye jina la kiwanda W204, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014. Ndiyo Benz iliyozoeleka zaidi kwenye soko letu la magari yaliyotumika. C180 na C200 zake nyingi zina injini ya M271 ya lita 1.8, za mwanzo zikiwa na kompresa (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), na baadaye toleo la turbo linaloandikwa CGI. Udhaifu wake mkubwa unafahamika kwa mafundi wa Benz duniani kote: cheni ya taiming hurefuka na gia za kamshafti huliwa meno, hasa kama oili ilibadilishwa kwa kuchelewa. Cheni ikiruka jino, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Sisemi uikimbie W204. Ni gari zuri, limetulia barabarani, na toleo lililoboreshwa mwaka 2011 ndilo ningemshauri mtu atafute. Ila usiinunue bila kuisikiliza cheni yake kama nitakavyoeleza kwenye ukaguzi. Tatizo jingine la W204 ni kifaa cha umeme kinachofunga usukani. Kikifa, unaweka ufunguo na gari halifanyi chochote, kama vile betri imekwisha. Kinatengenezeka, lakini si kazi ya fundi wa barabarani.

Ukivutiwa na Benz za silinda sita, kama C280 au E350, uliza mwaka kwa makini. Injini za M272 zilizotengenezwa kati ya 2004 na takriban 2007 nyingi zilikuwa na gia laini ya shafti ya kusawazisha, na kuibadilisha kunadai kushusha injini nzima. Za baadaye ziko salama. E-Class ya W211 kabla ya maboresho ya 2006 nayo ina mfumo wa breki wa umeme unaoitwa SBC, ambao pampu yake ina kikomo cha maisha na bei yake inauma. Katika W211, nunua ya baada ya hapo au iache.

Kwa BMW 3 Series ya E90, iliyoanza 2005, ushauri wangu huwashangaza watu: chukua 323i au 325i yenye silinda sita, injini ya N52, uiache 320i yenye silinda nne ya N46. Mtu anadhani injini ndogo ina gharama ndogo. N46 hula oili kupitia sili za valvu, huvuja kwenye kava la valvu, na kuzibadilisha sili hizo ni kazi ya siku kadhaa. N52 haina turbo na haipulizi petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ndiyo maana inavumilia. Mambo yake ni pampu ya maji ya umeme, ambayo huweza kufa ghafla kuanzia kama kilomita laki moja, na gasketi inayovuja pale kichujio cha oili kinapokaa. Yote mawili yanahesabika mapema. Katika F30 iliyofuata, 320i na 328i za 2012 hadi 2015 zenye injini ya N20 zina miongozo ya plastiki ya cheni inayovunjika. Na 320d zenye injini ya N47 zina cheni iliyowekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuifikia ni kubomoa.

Audi A4 ya B8, iliyoanza 2008, ina injini ya 2.0 TFSI ambayo katika miaka yake ya mwanzo, hadi karibu 2011, ilijulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Matoleo mengi ya kuvutwa na magurudumu ya mbele yaliyouzwa Japan yana giaboksi ya Multitronic, inayotumia cheni badala ya gia za kawaida. Ningeikwepa hapa kwetu, kwa sababu mafundi wanaoifahamu ni wachache mno.

Dizeli za kifahari za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, kinachojisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Foleni ya Ubungo hadi Posta haikisafishi. Utakuta nyingi kichujio kimekatwa na kompyuta imedanganywa, na aliyefanya kazi hiyo huenda aliifanya vizuri au vibaya. Range Rover na Discovery za V6 ya dizeli zina historia ya kuvunjika kranki, juu ya sasipensheni ya upepo inayodai uangalizi wa kila siku. Kama hiyo ndiyo ndoto yako, akiba niliyoitaja juu izidishe mara tatu.

Sasa kwa aliye mbali na mafundi wenye mashine, au anayelinunua gari la kwanza la daraja hili: Toyota Crown ni gari la kifahari kweli kweli, na watu wanaoidharau hawajakaa kiti chake cha nyuma kutoka Dar hadi Iringa. Crown ya 2008 hadi 2012 yenye injini ya 2.5 au 3.5 ya V6 inapata spea nchi nzima na fundi wa Toyota anaielewa. Lexus IS250 ina injini ya familia hiyo hiyo. Crown za haibridi, zilizoenea kuanzia toleo lililotoka mwisho wa 2012, zinahitaji betri kubwa ipimwe na tundu lake la kupitishia hewa, lililo sehemu ya nyuma, liwe safi.

Hatua ya tatu: Japan, Uingereza, au lililopo hapa

Gari linaloagizwa Japan lina faida moja kubwa kuliko zote: karatasi ya mnada. Magari mengi yanayokuja huku yamepitia minada kama ya USS, ambako mkaguzi asiye na maslahi kwenye mauzo yako amelipatia gari daraja. Daraja la 4 na 4.5 ni gari zuri lililotumika. La 3.5 lina kasoro za bodi zinazoonekana. R au RA maana yake limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Herufi kuanzia A kushuka zinaeleza hali ya ndani. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mwambie muuzaji akutumie karatasi yenyewe ya Kijapani, tafsiri yake peke yake haitoshi, na hakikisha namba ya chesisi na kilomita vinalingana na gari. Anayekwambia karatasi haipo anakunyima jibu la swali lako muhimu kuliko yote.

Magari ya Ulaya kutoka Japan yana mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. Baadhi yana usukani wa kushoto, kwa sababu Wajapani wenye pesa waliupenda kama alama ya gari la ughaibuni. Pia redio ya Japan huanzia 76 na kuishia chini ya 95, kwa hiyo vituo vyetu vingi huvipati mpaka ufungiwe kifaa, na skrini inabaki na Kijapani isipokuwa fundi aiandike upya.

Uingereza ina silaha ya bure ambayo wanunuzi wengi hawaitumii. Ukiwa na namba ya usajili ya gari, tovuti ya serikali yao inakuonyesha matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka, unaoitwa MOT, tangu 2005. Utaona kilomita zilivyopanda mwaka hadi mwaka, nao huandika kwa maili, pamoja na kila kitu mkaguzi alichokionya: bushi zimekatika, kutu kwenye bomba la breki, tairi zimekwisha. Kutu ndiyo hofu kuu, kwa sababu wao humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Gari lililowahi kuhesabiwa na bima kuwa limekufa hupewa alama S au N, au C na D kwa yale ya kabla ya Oktoba 2017. Liache.

Kodi huhesabiwa kwa kikokotoo cha TRA mtandaoni. Weka modeli, mwaka na ukubwa wa injini upate jumla kabla hujaagiza, na kumbuka kwamba gari lenye umri wa kuanzia miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na likivuka 10 ushuru huo huongezeka tena. Kenya wao hawaruhusu kabisa lililozidi miaka 8. Viwango hubadilika kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo hesabu ya jirani yako ya mwaka jana haikufai.

Lililopo hapa tayari lina faida ya kuonekana na kuguswa. Ila usidanganywe na namba. Namba E inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi.

Hatua ya nne: simu kabla ya nauli

Uliza maswali haya kwenye simu na usikilize namna anavyojibu kuliko anachojibu. Kadi ni ya jina lake? Funguo ziko ngapi? Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na nani? Kuna risiti? Kwa nini anauza? Na la mwisho, mwombe asiliwashe gari siku unayokuja mpaka ufike. Mwenye gari zima atakubali bila shida.

Hatua ya tano: asubuhi ya ukaguzi

Nenda asubuhi, kwenye mwanga wa jua, pasipo na mvua. Weka mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto, liliwashwa kabla hujafika, na hapo jiulize kilikuwa kinafichwa nini.

Fungua boneti, mtu mwingine awashe, wewe simama karibu na upande wa cheni. Kwenye M271 ya Benz sikiliza sekunde za mwanzo. Injini nzima huamka na kutulia. Yenye cheni iliyorefuka hutoa mlio mkavu wa vyuma kugongana haraka haraka, sekunde mbili, tatu, tano, halafu oili inapopanda unatoweka. Dalali atakwambia ni kawaida ya Benz. Si kawaida. Mlio huo una bei, na bei hiyo ama itolewe kwenye ya gari, ama uondoke.

Iache inguruke dakika kumi hivi bila kugusa mafuta. Kwenye BMW ya N46, na nyingine yoyote yenye umri, mwache mwenzako akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa umesimama nyuma. Wingu la bluu likitoka mara hiyo na kuisha, sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe usiokoma na wenye harufu tamu unamaanisha kulanti, yaani maji ya kupooza injini, inaingia ndani ya silinda.

Wakati huo angalia vifuniko. Chini ya kifuniko cha oili kusiwe na ute wa rangi ya maziwa wala masizi mazito kama lami. Kwenye chupa ya kulanti maji yawe na rangi yake, bluu, kijani au waridi. Maji ya bomba yenye kutu yanakueleza kwamba gari limewahi kuvuja na mwenyewe alikuwa anaongezea tu. Mifumo ya kupooza ya Wajerumani ina plastiki nyingi, na joto letu huzikausha. Gusa mipira, tazama maungio yote, tafuta alama nyeupe za kulanti iliyokauka.

Bodi ipimwe kwa kile kifaa cha unene wa rangi, mafundi rangi wengi wanacho. Rangi ya kiwandani ni takriban maikroni 100 hadi 160. Kipande kinachosoma mia nne au zaidi kina puti chini yake. Bampa la plastiki halipimiki hivyo, usiumize kichwa. Nafasi kati ya boneti na mbawa iwe sawa pande zote mbili, na bolti za boneti zisiwe na alama za spana. Vioo vyote vina tarehe. Kimoja kikiwa kipya kuliko vingine, uliza sababu. Tairi zina tarakimu nne za tarehe, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mafuriko yaangaliwe kwa makini kuliko ajali. Magari haya yana kompyuta chini ya zulia na ndani ya buti, na maji yakiingia matatizo hujitokeza moja baada ya jingine kwa miaka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utafute mstari wa tope. Inua zulia la miguuni kwa abiria, na lile la mahali pa tairi ya akiba. Tazama reli za viti kama zina kutu. Harufu kali ya manukato ndani ya gari ichukulie kama onyo.

Kama lina sasipensheni ya upepo, mwombe mwenye gari alilaze usiku kucha mahali tambarare, ulione asubuhi kabla halijawashwa. Kona moja ikiwa imelala, mfuko unavuja, na kompresa imekuwa ikifanya kazi kupita kiasi kuufidia.

Hatua ya sita: barabarani

Endesha mwenyewe, si chini ya nusu saa, mjini na kwenye lami ya kasi. Giaboksi hujieleza likiwa la moto. Hamisha kutoka D kwenda R na kurudi ukiwa umekanyaga breki. Ikingoja zaidi ya sekunde moja ndipo ishike, au ikishika kwa kishindo, ina tatizo. Punguza mwendo taratibu mpaka usimame, usikilizie inaposhuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza: ndipo giaboksi nyingi za Benz na BMW zilizochoka hupiga teke. Pita kwenye matuta taratibu madirisha yakiwa wazi, redio ikiwa imezimwa, usikilize bushi. Washa AC tangu mwanzo na uiache. Dar ikiwa saa saba mchana lazima itoe baridi hata gari limesimama kwenye foleni.

Muuzaji anayeongea mfululizo au kuongeza sauti ya muziki wakati huu mwombe kwa upole anyamaze kidogo.

Hatua ya saba: mashine

Sasa gari liende kwa fundi wako, si wake, na gharama ulipe wewe. Mambo matatu ni lazima. La kwanza, kompyuta zote zisomwe, siyo injini peke yake: giaboksi, breki, eabegi, sasipensheni. La pili, fundi aangalie kama vipimo vya ndani vya mfumo wa moshi vimekamilika. Mtu akifuta makosa jana ili taa ya injini izime, vipimo hivyo hurudi sifuri na huchukua siku kadhaa za kuendesha kukamilika. Gari lisilo na kosa lolote huku vipimo havijakamilika limefutwa, au betri imetolewa karibuni. Rudi wiki ijayo usome tena.

La tatu ni kilomita. Kurudisha kilomita kwenye dashibodi ni kazi ya dakika chache na wanaoifanya wapo. Lakini magari haya huandika kilomita sehemu nyingi. Kwenye BMW ziko pia kwenye kompyuta ya ufunguo na ndani ya ufunguo wenyewe, na kosa lililohifadhiwa huja na kilomita zilizosomeka lilipotokea. Dashibodi ikisema 78,000 na kosa la zamani la giaboksi likasema 143,000, mazungumzo yameisha. Linganisha pia na macho: usukani uliong'aa, pedali ya breki iliyolika mpira na kiti cha dereva kilichopasuka pembeni havitokani na kilomita elfu sitini.

Mwisho linyanyuliwe. Tafuta oili inayovuja, mipira iliyokatika, na mahali palipochomelewa upya.

Hatua ya nane: makaratasi na pesa

Namba ya chesisi iliyoko kwenye bodi, kwenye kioo na kwenye kompyuta ilingane na ya kadi. Jina la kadi liwe la mtu unayemlipa, mwenye kitambulisho chake. Akikwambia kadi iko benki, mkutane benki na deni lilipwe mbele yako. Faini za barabarani angalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, bima kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima. Gari lenye namba za Zanzibar ulizia TRA kodi yake kabla ya kukubaliana bei. Kwa mnunuzi wa Kenya, taarifa za gari hutafutwa NTSA kupitia eCitizen, na madeni yaliyowekewa gari dhamana yana daftari lake la serikali.

Kishika uchumba usimpe dalali. Akishike mwenye gari, kwa maandishi, na iandikwe kwamba kinarudishwa endapo ukaguzi utaonyesha kasoro. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya mwanasheria, pesa ipite benki, na kuhamisha umiliki TRA kufanyike siku hiyo hiyo au inayofuata. Gari lililobaki kwenye jina la mtu mwingine linaweza kukamatwa kwa deni lake.

Kwenye bei, weka orodha ya fundi mezani pamoja na zile bei za spea ulizoziuliza Kariakoo, toa moja baada ya nyingine. Huhitaji kulidharau gari la mtu. Namba zinatosha.

Mwezi wa kwanza

Badilisha oili ya injini hata kama umeambiwa ni mpya, na usome viwango vilivyoandikwa kwenye dumu: MB 229.5 kwa Benz nyingi za petroli, LL-01 kwa BMW za petroli, VW 502.00 kwa Audi za petroli. Fanya hivyo kila kilomita 7,000 au 8,000, usingoje taa ya dashibodi iliyopangwa kwa barabara za Ulaya. Giaboksi ya ZF ya gia nane iliyoko kwenye BMW nyingi tangu F30 inasemekana ina oili ya maisha, lakini ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Betri mpya ya BMW isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo itachajiwa vibaya na kufa mapema. BMW nyingi hazina tairi ya akiba, kwa hiyo kabla ya safari ya Mbeya nunua moja pamoja na jeki. Na ufunguo wa pili, kama haupo, utengeneze sasa ukiwa bado na mmoja unaofanya kazi, kwa sababu ukipotea wa mwisho gharama ni nyingine kabisa.